Utafiti wa uzamili wa sayansi ya molekuli ukiwa Mtwara au Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa aliyemaliza shahada ya kwanza ya biolojia, kilimo, kemia au maabara ya tiba, anayeishi Mtwara au Lindi, au anayetaka kuja kuchukua sampuli zake huku, na anajiandaa kwa utafiti wa uzamili chini ya msimamizi. Jambo moja utaliona likijirudia: utafiti wa molekuli, yaani wa vinasaba, wa mikoa hii mara nyingi huharibikia shambani, barabarani na kwenye kalenda, kabla mrija haujaingia kwenye mashine. Kwa hiyo kazi hii ipangwe kuanzia mwisho kurudi nyuma.

Kusimamiwa maana yake nini? Msimamizi ananifanyia nini?

Utafiti ni wako. Msimamizi anakusaidia kuchagua swali linalojibika, anasoma andiko lako la utafiti, anakufungulia milango ya maabara na anakuzuia usitumbukie kwenye kazi ya miaka kumi wakati una miaka miwili. Hakuandikii tasnifu wala hakukimbizii sampuli. Kwa utafiti wa Kusini ninashauri sana uwe na wasimamizi wawili: mmoja wa chuoni, na mwingine anayefanya kazi kwenye zao au ugonjwa wenyewe huku huku, kwa mfano mtafiti wa TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) kituo cha Naliendele, ikiwa mada yako ni korosho, ufuta, karanga au mhogo. Wa chuoni anajua taratibu za shahada. Wa huku anajua ni kata gani ugonjwa umeanza kuonekana, na mwezi gani ukienda utakuta mashamba yameshavunwa.

Niko Kusini. Mada gani zina maana?

Ziko nyingi kuliko watu wanavyodhani, na si lazima uazime za Kaskazini.

Mhogo ni mfano mzuri kwa sababu unakufundisha sayansi yenyewe. Magonjwa makubwa mawili, batobato na michirizi kahawia, yote husababishwa na virusi na yote huenezwa na nzi weupe na mbegu zenye ugonjwa. Lakini vinasaba vya virusi vya batobato ni DNA, na vya michirizi kahawia ni RNA. Tofauti hiyo moja inaamua kila kitu: jinsi ya kuhifadhi jani, kemikali za kununua, hatua za maabara na muda. Michirizi kahawia ulielezwa kisayansi mwaka 1936 kutoka Tanganyika, na leo unajulikana kusababishwa na aina mbili za virusi. Uchungu wake ni kwamba shina na majani vinaweza kuonekana vizuri tu, mkulima akangoja mwaka mzima, kisha akichimba anakuta mizizi imeoza kwa ndani, mikavu na ya kahawia. Swali kama "ni virusi gani kati ya hivi viwili vipo kwenye mbegu zinazouziana wakulima wa kata fulani?" ni dogo, linajibika, na jibu lake lina faida siku hiyo hiyo.

Korosho nayo ina hazina. Uzalishaji wa Tanzania ulifika kama tani 145,000 msimu wa 1973/74, ukaanguka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Sababu zilikuwa kadhaa, zikiwemo bei na kuhamishiwa watu vijijini mbali na mashamba yao, na ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu unaofunika machipukizi na maua kwa unga mweupe, ulikuwa miongoni mwa zile kubwa. Kuvu wa ubwiriunga haoteshwi kwenye sahani ya maabara, maana anaishi tu juu ya mmea ulio hai. Lazima ukwangue unga wenyewe kutoka kwenye chipukizi na maua, kisha utoe vinasaba humo. Kuvu wa mnyauko fusari, ugonjwa mwingine wa mkorosho, yeye huoteshwa bila shida. Ukijua hilo mapema, utajua kama unahitaji chumba cha kuoteshea vimelea au la.

Kwa afya ya binadamu, Kusini ina historia ndefu. Chikungunya ilitambuliwa kwa mara ya kwanza duniani kufuatia mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye Uwanda wa Makonde, na kirusi chenyewe kilipatikana mwaka 1953 kwenye damu ya mgonjwa wa Newala. Leo unaweza kuuliza ni wagonjwa wangapi wa homa wasio na malaria wana chikungunya au dengi. Malaria yenyewe ina swali zito: kipimo cha haraka tunachotumia zahanati kinatafuta protini iitwayo HRP2, na vimelea vilivyopoteza jeni la protini hiyo vinaweza kupita bila kuonekana. Matende na mabusha ya ukanda wa pwani pia yanafaa, ila ujue vimelea wake hujitokeza kwenye damu ya pembeni usiku, hivyo sampuli huchukuliwa kuanzia saa nne usiku. Andaa usafiri na mlinzi.

Baharini kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Matumbawe, samaki na majani ya bahari vyote vina maswali ya vinasaba, lakini kibali cha hifadhi ni cha ziada juu ya vingine vyote.

Mada yangu ni "uanuwai wa vinasaba vya mikorosho Tanzania". Inatosha?

Ni pana mno. Ipunguze mpaka uweze kusema kwa sentensi moja utachukua nini, wapi, kiasi gani, utapima nini, na jibu la "ndiyo" litafananaje na jibu la "hapana". Kwa mfano: je, miche inayouzwa kwenye vitalu vya wilaya moja kwa jina la aina fulani bora ndiyo aina hiyo kweli, ukiilinganisha na miti mama ya kituo cha utafiti? Hapo una vitalu vinavyohesabika, miti mama inayojulikana ilipo, na mkulima anayelipia miche hiyo kwa fedha yake anapata jibu.

Naweza kufanya kila kitu bila kutoka Mtwara?

Kazi ya shambani, ndiyo. Kusoma, kuandika na kuchambua data, ndiyo, kama una intaneti ya uhakika. Kutoa vinasaba na kufanya PCR (kunakilisha kipande cha DNA mara nyingi kwa mashine hadi kionekane) inategemea mada yako na makubaliano na kituo. Watafiti wengi wa huku hupeleka sampuli kwenye maabara za Dar es Salaam (TARI Mikocheni, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Muhimbili), Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, Taasisi ya Afya Ifakara tawi la Bagamoyo, au Taasisi ya Nelson Mandela Arusha. Kusoma mfuatano wa vinasaba mara nyingi hufanywa na kampuni za nje ya nchi, ingawa vifaa vidogo vinavyoshikika mkononi kama MinION vimeshatumika kwenye mashamba ya mhogo ya Afrika Mashariki.

Uliza mambo matatu kabla hujaandika jina la maabara kwenye andiko lako: mashine ipo na inafanya kazi sasa hivi? Nani ananunua kemikali? Nitapewa siku ngapi kwa wiki? Jibu la "tutaona ukifika" si jibu la kupangia bajeti.

Vibali vinaanzia wapi?

Chuo kinakupa barua ya utambulisho. Inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani au kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, halafu kwa Mtendaji wa Kata na Mtendaji wa Kijiji. Usiruke ngazi. Mtendaji wa Kijiji akikuona shambani bila taarifa ana haki ya kukusimamisha, na siku yako imeisha.

Ukigusa binadamu, damu au taarifa za wagonjwa, unahitaji idhini ya kamati ya maadili ya chuo au ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kabla ya sampuli ya kwanza. Haitolewi kwa kurudi nyuma, na tasnifu yenye sampuli zilizochukuliwa kabla ya tarehe ya idhini inaweza kukataliwa yote. Sampuli za binadamu zikitoka nje ya nchi kuna mkataba wa kuhamisha sampuli. Mimea inapita kwa TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kama kuna mtafiti mgeni kwenye timu yako, yeye anahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na kiombwe mapema.

Nichukue sampuli mwezi gani?

Hapa ndipo miaka hupotea. Chuo kinafungua muhula Oktoba au Novemba, wewe unapitishiwa andiko lako katikati ya mwaka unaofuata, na shamba halikungoji.

Mikorosho ya huku hutoa maua kuanzia Juni na Julai hadi Septemba. Huo ndio wakati wa ubwiriunga, na ndio wakati wakulima wanapuliza salfa. Muulize mwenye shamba alipuliza lini mara ya mwisho na uandike tarehe, kwa sababu unga uliokwishapigwa salfa hautakupa vinasaba vizuri. Kuanzia Oktoba watu wako kwenye kuokota na kwenye minada. Utapokelewa kwa adabu, lakini hakuna atakayekaa nusu saa kukujibu maswali ishirini.

Mhogo uliopandwa na mvua za Desemba huanza kuonyesha dalili za majani ukiwa na miezi mitatu hivi na kuendelea, kwa hiyo Machi hadi Juni ni wakati mzuri wa majani. Mizizi ni habari nyingine, ingoje ikomae. Kwa chikungunya, kirusi chenyewe hupatikana kwenye damu siku za kwanza za homa. Mgonjwa akija wiki ya pili, tafuta kingamwili badala yake.

Chukua kalenda, weka alama ya msimu wako, kisha rudi nyuma: mwezi wa barua, mwezi wa maadili, mwezi wa kutetea andiko. Ukiona haviingii, badilisha mada sasa. Ukingoja hadi Agosti, msimu utakuwa umekupita.

Sampuli nazisafirishaje kutoka Nanyumbu au Liwale hadi maabara?

Swali hili napenda kulijibu kwa kirefu, kwa sababu vitabu vingi vimeandikwa na watu ambao friza yao iko mlango wa pili.

Kwanza jiulize kama unahitaji ubaridi kabisa. Kwa DNA ya mimea, mara nyingi huhitaji. Kata kipande cha jani changa chenye ukubwa wa kidole gumba, kitie kwenye bahasha ya karatasi, na bahasha ndani ya mfuko unaofungika pamoja na chembechembe za silika zenye uzito kama mara kumi wa jani. Jani likikauka ndani ya siku moja na bado ni kijani, umefaulu. Likiwa jeusi au laini, limeoza kabla ya kukauka. Chembe zile zina rangi ya kuonyesha unyevu, ikibadilika, zibadilishe. Hewa ya Mtwara mjini na Kilwa ina unyevu mwingi, kwa hiyo usiache mfuko wazi ukisema utafunga jioni.

Damu kwa ajili ya DNA ya malaria hudondoshwa kwenye karatasi maalumu ya kuchujia, ikakaushwa vizuri kivulini mbali na nzi, kila karatasi ikafungwa peke yake na silika. Namba iandikwe kwa penseli au kalamu isiyofutika. Wino wa kawaida ukikutana na spiriti unatoweka, na sampuli isiyo na namba haina kazi tena.

RNA ndiyo yenye shida. Inavunjika haraka, na vimeng'enya vya kuivunja viko hata kwenye vidole vyako. Hapo utahitaji kimiminika cha kuhifadhia kama RNAlater, au deli lenye barafu ya kutosha na mpango wa kuongeza barafu njiani. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560. Daraja la Mkapa la mwaka 2003 lilituondolea kivuko cha Rufiji, lakini mvua kubwa na kimbunga Hidaya cha Mei 2024 vilikata barabara hiyo, na magari yakakwama maeneo ya Somanga. Mwenye majani yaliyokauka kwenye silika angelala na kusubiri. Mwenye barafu ya kudumu kwa saa kumi na mbili tu angepoteza kila kitu. Gawanya sampuli mara mbili, nusu iende na nusu ibaki Mtwara. Usimkabidhi kondakta deli bila barua inayoeleza kilichomo, na asiwekewe sampuli za damu bila utaratibu wa usalama uliokubaliwa na maabara.

Wakulima wananiuliza maswali nisiyoweza kuyajibu. Nifanye nini?

Jibu kwa ukweli. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwaka juzi walikuja wenzio, wakachuma majani, wakaandika jina langu. Hawajarudi. Wewe utarudi?"

Kama huna bajeti ya kurudi, usiseme utarudi. Weka nauli ya kurudi kwenye bajeti, ndipo useme. Mweleze pia kwamba majani yake hayatapona kwa sababu umeyapima, na kwamba huleti dawa wala mbegu za bure. Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, isomwe kwa sauti, na ukiwa na mtu wa kijijini anayefafanua kwa Kimakonde, Kimwera au Kiyao kwa wazee itakuwa bora zaidi. Mtoto hashiriki bila ridhaa ya mzazi au mlezi.

PCR yangu haitoi kitu. Au kila mrija unatoa.

Anza na vinasaba vyenyewe. Majani ya mkorosho yana sukari nzito na kemikali zinazogeuka kahawia, ndiyo maana unaweza kupata tone la DNA lenye rangi ya chai na linalonata kwenye ncha ya pipeti. Tone hilo linazuia kimeng'enya. Tumia majani machanga, ongeza PVP na merkaptoethanoli (kemikali za kuzuia ukahawia huo) kwenye bafa ya CTAB, yaani kimiminika cha kutolea DNA ya mimea, osha mara nyingine kwa ethanoli, na jaribu kuipunguza DNA makali kwa maji, sehemu moja kwa kumi, kabla ya PCR. Mara nyingi sampuli "isiyo na kitu" hufufuka ikipunguzwa makali. Uwiano wa mwanga unaofyonzwa na sampuli kwenye nanomita 260 kwa 280 ukiwa karibu 1.8 ni dalili njema kwa DNA, na karibu 2.0 kwa RNA, lakini tazama pia 260 kwa 230, maana hapo ndipo uchafu wa sukari na kemikali hujionyesha.

Kisha angalia mirija miwili ambayo haipaswi kukosekana: mmoja una sampuli unayojua kwa hakika inayo kitu unachotafuta, mwingine una maji tu badala ya DNA. Wa kwanza usipotoa mstari kwenye jeli, tatizo ni kemikali, praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) au mashine, wala usilaumu sampuli. Wa maji ukitoa mstari, una uchafu, na matokeo yote ya siku hiyo hayatumiki. Yote, hata yaliyokufurahisha. Changanya kemikali chumba kimoja na fungua mirija iliyokwisha PCR chumba kingine, na usirudi na koti lile lile.

Kwa virusi vya michirizi kahawia, kumbuka RNA lazima igeuzwe DNA kwanza. Wanafunzi hulalamika kwamba praima ni mbovu, kumbe hatua hiyo haikufanyika vizuri.

Na umeme: ukikatika katikati ya mizunguko, usiendelee kana kwamba hakuna kilichotokea. Rudia. Friza ibaki imefungwa.

Daftari la maabara lina umuhimu gani kama nina simu?

Piga picha, ndiyo, lakini andika. Tarehe, namba ya sampuli, chupa ya kemikali na tarehe ya kuisha kwake, nani alikuwepo, umeme ulikatika saa ngapi. Kurasa ziwe na namba na zisichanwe. Mtahini akikuuliza kwa nini sampuli 31 haimo kwenye jedwali, daftari ndilo litakalojibu.

Msimamizi wangu hanijibu kwa wiki kadhaa.

Wasimamizi wengi wana wanafunzi wengi, mitihani na safari. Usimtumie "Shikamoo Daktari, naomba maoni" pamoja na kurasa themanini. Mtumie kurasa tano, maswali mawili, na tarehe unayohitaji jibu na sababu yake. Baada ya kila kikao mwandikie muhtasari mfupi: tulikubaliana hili na hili, mimi nitafanya hili kufikia tarehe fulani. Kumbukumbu hiyo inawalinda wote wawili.

Mapema kabisa mkubaliane kwa maandishi nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala, data zitahifadhiwa wapi na sampuli zitakazobaki ni za nani. Kijana wa Kusini amelelewa kutomhoji mkubwa, na heshima hiyo ni nzuri, lakini kuuliza mambo haya si utovu wa adabu. Ikishindikana, mratibu wa uzamili wa idara yupo kwa kazi hiyo.

Fedha zitatoka wapi?

Angalia matangazo ya COSTECH kuhusu MTUSATE, mfuko wa kuendeleza sayansi na teknolojia, ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani, kwa Afrika Mashariki, na hasa miradi ambayo tayari ina fedha na inatafuta mwanafunzi. Hii ya mwisho ndiyo njia ya wengi. Kwenye bajeti, watu hukumbuka praima na kusahau ncha za pipeti, glavu, silika, nauli ya msaidizi na muda wa kuagiza kemikali kutoka nje, ambao unaweza kula miezi.

Lazima nijue kompyuta na takwimu?

Lazima, na ujifunze kabla ya data kufika. Anza na BLAST na MEGA, programu za bure za kulinganisha mifuatano na kuchora miti ya ukoo, kisha R ya takwimu. Pakua mifuatano ya virusi vya mhogo iliyowekwa GenBank, hazina ya wazi ya mifuatano mtandaoni, na uchore mti wa ukoo wake ukiwa nyumbani Mikindani. Utajifunza mengi kabla hujashika pipeti.

Nisipopata nilichotarajia, nitafeli?

Hapana. Ukitafuta vimelea vilivyopoteza jeni la HRP2 usivipate, na vipimo vyako vya kulinganishia vilifanya kazi, hayo ni matokeo, tena ni habari njema kwa zahanati zetu. Kinachofelisha ni kutojua kama hakipo au ulishindwa kukiona.

Baada ya kutetea tasnifu, kuna kazi iliyobaki?

Ipo. Weka mifuatano yako GenBank ikiwa na jina sahihi la wilaya. Peleka nakala kwa Katibu Tawala na halmashauri, maana mara nyingi barua ya kibali iliitaka. Kisha andika ukurasa mmoja wa Kiswahili usio na jedwali, umpe Afisa Ugani na viongozi wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), na uombe nafasi kwenye mkutano wa kijiji. Kama ni mhogo, nenda kabla ya mvua za Novemba, wakulima wakiwa bado hawajakata mbegu za msimu. Kama ni korosho, nenda Mei, kabla wakulima hawajaanza kupuliza salfa.